Asiye na mita haonekani: maji, data na hoja zinazotupita mikutanoni

UZI. Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wenzangu Jumamosi hapa Kisumu. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema, nikaongeza namba ili msomaji wa simu asipotee. Kanuni ya uzi huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachambua hoja. Ukitaja jina kwenye majibu tutakusoma, lakini hatutakujibu.

1/
Wazee wetu mliokubali kuketi na vijana asubuhi hii, ahsanteni sana.

Mimi nasoma sayansi ya siasa, sikusomea mabomba. Mkiniuliza presha ya maji inapimwaje, nitawaelekeza kwa fundi. Lakini nimehudhuria mikutano mingi ya hadhara, nimesikiliza mijadala mingi ya redio, na maji hayakosi hata siku moja. Anayetafuta kura anasema ameleta maji. Anayempinga anasema mifereji imekauka. Wote wawili wanashangiliwa. Sisi tunarudi nyumbani bila kujua nani alisema kweli, halafu tunanunua mtungi wa lita 20 kwa bei ile ile.

2/
Nitasema hoja yangu mapema, ili hata anayeondoka sasa hivi aende nayo.

Data za maji zikifichwa, mjadala unakuwa wa sauti, na mwenye spika kubwa anashinda. Hilo wengi wetu tunalijua. Jambo la pili hatulisemi sana: data zikiwekwa wazi lakini zote zimetoka kwenye mita za kampuni, basi anayeteseka zaidi hayumo ndani yake, kwa sababu hana mita. Kwa hivyo tunataka vitu viwili pamoja. Data ziwe wazi, na sisi wenyewe tuwe miongoni mwa wanaozikusanya.

Sasa tuingie kwenye hoja, moja moja, vile zinavyokuja mikutanoni.

3/
HOJA YA KWANZA: "Asilimia kadha ya wakaazi sasa wana maji."

Mkisikia asilimia, ulizeni: asilimia ya nini? Watu walio karibu na bomba, au watu wanaofungua mfereji na maji yanatoka? Bomba kupita mbele ya nyumba bado si maji. Na maji ya usiku wa Jumanne peke yake hayalingani na maji ya kila siku.

4/
Niwape mfano wa majirani zetu Tanzania, kwa sababu wao walifanya jambo la kijasiri.

Kwa muda mrefu huduma ya maji vijijini ilihesabiwa mezani. Kituo kimoja cha maji kikijengwa, watu 250 wanahesabiwa kuwa wamepata maji. Jenga vituo kumi, andika watu 2,500. Pampu ikifa baada ya mwaka, watu wale 250 wanabaki kwenye ripoti kana kwamba bado wanakunywa.

Kuanzia takriban 2010, serikali yao ikatuma watu kijiji kwa kijiji kuandika kila kituo: kiko wapi, kilijengwa lini, nani alikijenga, kinatoa maji au hakitoi. Wakahesabu vituo zaidi ya 65,000. Karibu vinne kati ya kila kumi havikuwa vikifanya kazi.

5/
Ona hapo siasa yake. Kituo kile kile kilikuwa ushindi kwenye hotuba ya mtu mmoja, na kumbe kwa mama wa kijiji kilikuwa chuma tu kilichosimama. Tofauti ilionekana pale mtu alipokwenda kuangalia, na pale walichokiona kilipowekwa wazi. Mpaka leo wanafunzi wa takwimu kutoka nchi nyingi wanatumia data zile kujifunza kubashiri ni pampu ipi itaharibika. Serikali ilijianika, ndio, lakini ikapata wasaidizi ambao haikuwalipa hata shilingi.

6/
Hapa Kenya hatuko gizani kabisa, tuwe wakweli. Mdhibiti wa huduma za maji, Wasreb, hutoa ripoti inayoitwa Impact, ambayo inalinganisha kampuni za maji kwa viashiria tisa. Vimo humo watu wanaofikiwa, ubora wa maji, saa za huduma kwa siku, maji yanayopotea, na sehemu ya wateja walio na mita. Unaweza kuiweka Kisumu kando ya Nakuru, Eldoret au Nyeri ukaona nani anapanda na nani anashuka. Ripoti ni ya umma, iko mtandaoni. Mheshimiwa akisema asilimia yake, fungua simu, mwulize ya kwake ameitoa wapi.

7/
Lakini ripoti ile ina pengo. Namba yake ni ya kampuni nzima. Wastani wa Kisumu unachanganya Milimani na Obunga. Ukichanganya maji ya moto na maji ya baridi utaandika "vuguvugu", na ndani ya nyumba hakuna hata mmoja aliyeoga vuguvugu. Mmoja ameungua, mwingine ametetemeka.

Kwa hivyo swali zuri halimaliziki kwa "Kisumu ni ngapi?" Endelea: "Manyatta B ni ngapi? Nyalenda A ni ngapi?" Ukiambiwa hiyo hesabu haipo, usikate tamaa. Hilo lenyewe ni jibu, liandike.

8/
HOJA YA PILI: "Maji yanaibwa na watu wa mitaa ya mabanda."

Hii inapigiwa makofi sana na wasioishi huko.

Ukweli wa msingi ni huu: maji mengi yanatibiwa, yanasukumwa, kisha hayalipiwi. Wataalamu wanayaita maji yasiyoleta mapato. Kwa vigezo vya Wasreb, kampuni ikipoteza zaidi ya asilimia 25 haikubaliki. Wastani wa nchi nzima katika miaka ya karibuni umepita asilimia 40. Yaani katika mitungi kumi inayotoka kwenye mtambo, minne haionekani kwenye bili yoyote. Na kumbukeni, umeme wa kuisukuma na dawa ya kuitibu vimelipiwa. Gharama hiyo inamwangukia anayelipa bili vizuri.

9/
Sasa inapotelea wapi? Kuna bomba la zamani linalovuja chini ya barabara. Kuna mita iliyokufa miaka iliyopita na bili inakadiriwa tu. Kuna aliyejiunganishia usiku. Kuna mteja mkubwa ambaye hakuna anayethubutu kumkatia. Zote zinaitwa "hasara", lakini kila moja ina dawa yake na ina mtu wake wa kuwajibika.

Kutofautisha hizo si uchawi. Unaweka mita kubwa kwenye mlango wa kila eneo, unalinganisha kilichoingia na jumla ya mita za wateja wa ndani. Pengo ni hasara ya eneo lile. Basi.

Hesabu hiyo ikiwa wazi eneo kwa eneo, tutajua. Isipokuwa wazi, lawama itatafuta mtu wa karibu asiye na wakili. Huyo ni nani? Ni yule yule wa mtaa wa mabanda.

10/
Na hapa Kisumu tuna jambo la kujivunia kwenye hili. Kwa miaka mingi sasa kampuni yetu ya maji, KIWASCO, imetumia mtindo wa kuwauzia maji kwa jumla waendeshaji wa mtaani, na Nyalenda ni mojawapo ya mahali ulipoanzia. Maji yanapita kwenye mita kuu, mwendeshaji anayasambaza kwa majirani zake na vioski, anakusanya pesa, analipa kampuni.

Tazama hilo kwa jicho la siasa, wacha la biashara. Mtaa unaijua namba yake. Mwendeshaji anajua kilichoingia na kilichouzwa. Bomba likipasuka, hasara inamwuma yeye kwanza, kwa hivyo anaamka. Hiyo ni data iliyoshirikishwa, hata kama imeandikwa kwa kalamu kwenye daftari. Kilichobaki ni daftari lile kufunguliwa pia kwa mnunuzi wa mtungi, ajue maji yalinunuliwa kwa jumla kwa bei gani na yeye anauziwa kwa bei gani.

11/
HOJA YA TATU: "Hizo ni habari za ndani za kampuni."

Hapana, mheshimiwa. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kampuni ya maji ya kaunti ni mali ya umma. Hizi ibara mbili zisome pamoja. Haki ya maji bila haki ya kujua maji yamekwenda wapi ni kama kumiliki shamba ambalo hati yake inashikwa na mwingine.

12/
Halafu kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wengi hawajui ilivyo nyepesi. Unaandika ombi kwa Kiingereza au KISWAHILI, sheria yenyewe inasema hivyo. Hulazimiki kueleza unazitakia nini. Kuwasilisha ombi hakulipiwi; unaweza tu kulipishwa gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Habari zikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakikataa au wakinyamaza, unakwenda kwa tume ya kupokea malalamishi ya umma, ile watu wanaiita Ombudsman.

Fikiria mtaa una kipindupindu na hujui kama maji ya kioski chako yamepimwa. Mimi nasema hilo ni jambo la uhai. Andika saa 48 kwenye barua yako, kwa herufi kubwa.

13/
Lakini tusidanganyane, si kila kitu kiwe wazi. Bili yako wewe, namba yako ya simu, deni lako, hizo ni zako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda, na ni vizuri. Tunachotaka ni hesabu za eneo. Nyumba ya mtu haituhusu. Afisa akikataa kutoa jumla ya Manyatta kwa kisingizio cha kulinda jina la mteja mmoja, hapo anakuchezea. Jumla haina jina.

14/
HOJA YA NNE: "Tumenunua mfumo wa kisasa wa kusimamia maji."

Makofi tena! Ulizeni kwa upole: mfumo ni wa nani?

Kuna programu za kufungwa. Unalipa leseni kila mwaka, na namna inavyofanya hesabu hakuna anayeruhusiwa kuiona. Kuna programu huria. Msimbo wake uko wazi, na mtu yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha, kuutafsiri na kumpa mwenzake. Huria na bure si kitu kimoja. Kuna programu za bure zinazokufunga, na kuna programu huria ambazo utalipia mafunzo na seva.

15/
Kwa maji, programu huria zipo na si za majaribio.

EPANET inachora mtandao wa mabomba kwenye kompyuta na kukokotoa presha na mwendo wa maji. Ilitolewa 1993 na shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, na haina mmiliki wa kukudai leseni. Toleo lake la 2.2 la mwaka 2020 lilitengenezwa pamoja na wahandisi wa kujitolea wa nje ya shirika hilo. QGIS inachora ramani, ilianza 2002, nayo ni huria.

16/
Halafu ODK, ya kukusanya data kwa simu hata pasipo na intaneti. Ilianzia Chuo Kikuu cha Washington 2008, lakini miongoni mwa waliokuwa wa kwanza kuitumia kwa kazi kubwa ni wahudumu wa afya wa mpango wa AMPATH wa Eldoret, waliokuwa wakipita nyumba hadi nyumba hapa magharibi mwa Kenya. Yaani ilikomazwa na matope yetu na mvua yetu.

Na Ushahidi, hata jina ni letu. Ilizaliwa Kenya Januari 2008 wakati wa ghasia za uchaguzi, watu wakituma ripoti kwa simu zikaonekana kwenye ramani. Baadaye ikatumika dunia nzima. Kwa hivyo mtu akisema programu huria ni mambo ya wazungu, mkumbushe hilo jina.

17/
Kwa nini mwanasiasa ajali msimbo? Kwa sababu ya mkataba. Pesa ni za umma, na siku kandarasi ikiisha, data za miaka mitano zikiwa ndani ya mfumo wa mtu, kaunti inakuwa mateka. Inalipa tena ili isome hesabu zake yenyewe.

Kwa hivyo tenda ikitangazwa, vitu vitatu viwe vimeandikwa. Moja: data ni za umma, si za muuzaji. Mbili: zinaweza kutolewa zote, wakati wowote, kwa jedwali ambalo kompyuta yoyote inasoma. Tatu: kanuni ya kukokotoa bili na hasara iweze kukaguliwa na mtu wa nje. Muuzaji mwaminifu hatashtuka. Akishtuka, mmejifunza kitu.

18/
HOJA YA TANO: "Jirani ametufungia maji." Na dada yake: "Jirani ametufungulia maji."

Hii ni ya ziwani. Ziwa Victoria ni letu kwa takriban asilimia 6 tu. Sehemu kubwa iko Tanzania na Uganda. Mito yetu, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu, inaingia. Lakini mlango wa kutokea ni mmoja, Jinja, Uganda, na penye mlango huo pana mabwawa ya umeme. Kwa hivyo ziwa likishuka au likipanda, kidole kinaelekea Jinja. Mara nyingine kidole hicho ni cha haki, mara nyingine ni cha uongo. Utajuaje?

19/
Sikilizeni visa viwili.

Kati ya 2004 na 2006 ziwa lilishuka mpaka kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Maelezo ya haraka yalikuwa ukame. Ukame ulikuwepo kweli. Lakini kulikuwa na kanuni ya tangu bwawa la Owen Falls lifunguliwe 1954: maji yanayotolewa yalingane na yale ambayo yangetoka kwa asili, kulingana na kimo cha ziwa. Setilaiti zilikuwa zikipima kimo hicho kutoka angani, na vipimo vilikuwa vimewekwa mtandaoni bure. Watafiti huru wakavichukua, wakavilinganisha na maji yaliyopita bwawani, wakaonyesha kwamba karibu nusu ya kushuka kule kulitokana na maji kutolewa kupita kanuni. Kidole kilikuwa na haki, angalau nusu yake.

20/
Sasa 2020. Mei mwaka ule ziwa lilifikia rekodi ya 1964 na kuipita kidogo, zaidi ya mita 13.4 kwenye kipimo cha Jinja. Dunga na Usoma maji yaliingia majumbani, Nyando watu wakahama. Maneno yakaenea: wamefunga milango makusudi. Lakini vipimo vilionyesha mvua kubwa mno tangu Oktoba 2019 kwenye bonde lote, na ziwa hili hupata sehemu kubwa ya maji yake kwa mvua inayoanguka juu yake lenyewe. Uganda nayo ilikuwa imeongeza maji inayoyatoa. Safari hii kidole kilikosea.

21/
Kipimo kile kile, na setilaiti za aina ile ile. Mara ya kwanza data zilituunga mkono dhidi ya bwawa la jirani, mara ya pili zikamwondolea jirani lawama. Ndiyo maana nazipenda. Hazina kabila wala pasipoti.

Na ofisi yenye dhamana ya kuunganisha nchi za bonde hili, Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, makao yake makuu yako hapa hapa Kisumu. Itifaki ya bonde iliyotiwa saini 2003 inazitaka nchi zishirikiane habari. Vijana wa Kisumu tuna nafasi ambayo wa Mwanza na Entebbe hawana: sisi tunaweza kutembea kwa miguu mpaka mlangoni tukauliza, kimo cha ziwa cha leo kimebandikwa wapi, kwa lugha gani, na mvuvi wa Dunga anakipataje kabla maji hayajafika kitandani mwake?

22/
SASA TURUDI KWA ASIYE NA MITA.

Kila nilichosema mpaka hapa kinahusu data ambazo mtu fulani anazo na tunamtaka azifungue. Lakini mama wa Obunga anayenunua kwa mkokoteni hana namba ya akaunti. Mfereji ukikauka siku nne, kompyuta ya kampuni haioni pengo lolote kwake, kwa sababu haikuwahi kumwona. Na ndiye anayelipa zaidi. Piga hesabu: lita 1,000 ni mitungi 50. Tuseme mtungi ni shilingi 5, hizo ni shilingi 250. Siku ya uhaba mkokoteni ukiuza kwa 20, hizo ni shilingi 1,000 kwa maji yale yale. Ni namba za mfano, weka za mtaa wako. Kisha ulinganishe na bei rasmi iliyochapishwa kwenye gazeti la serikali.

23/
Au chukua visima. Watafiti wa hapa Kisumu, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Southampton, wamefuatilia visima vya Manyatta na Migosi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Walihesabu vyoo vya shimo vilivyovizunguka, wakapima maji. Viini vya kinyesi vilikuwa vingi kwenye visima hivyo, na bado watu wanayatumia maji yake, wengine wakiyanunua. Hakuna bili itakayokuonyesha hilo. Ilibidi mtu aende, ahesabu, achote, apime, achapishe.

24/
Na kwenda kuhesabu si kazi ya maprofesa peke yao. Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo wakashirikiana na wakaazi kuchora mitaa inayofurika: mitaro, njia, nyumba, mahali maji yanaposimama. Walikuwa vijana kama sisi, na viatu vya matope kama vyetu. Ramani zikawekwa kwenye OpenStreetMap, ambako yeyote anaweza kuzitumia na kuzirekebisha. Mitaa iliyokuwa doa tupu kwenye ramani ikapata majina na mitaro.

Kwetu inawezekana. Kioski kiko wapi, kinafunguliwa saa ngapi, mtungi ni shilingi ngapi leo, maji yalitoka mara ngapi wiki hii. Maswali manne, simu moja, kila Jumamosi. Baada ya miezi sita mna kitu ambacho hakuna mgombea aliye nacho.

25/
PINGAMIZI. Mniruhusu nijibu matatu niliyoulizwa.

"Karteli watatumia hizo ramani." Karteli wanajua bomba lilipo kuliko injinia. Asiyejua ni mwananchi. Siri hii inamlinda nani, basi?

"Tovuti za data tumeziona, zinakufa." Kweli kabisa. Julai 2011 Kenya ilizindua tovuti ya taifa ya data huria, tukasifiwa Afrika nzima, halafu data mpya zikakauka kama mfereji. Pia kulikuwa na Majidata, hifadhi ya taarifa za maji na vyoo za mitaa ya kipato cha chini mijini, kazi nzuri sana. Lakini hesabu ya mtaa huzeeka haraka, watu wanahama, nyumba zinaongezeka. Uzinduzi una bajeti na hema. Kuhuisha data kila mwezi hakuna hema. Kwa hivyo dai mstari wa bajeti wa kila mwaka. Sherehe hatuhitaji.

"Data hazinywi." Sawa, hazinywi. Lakini bajeti ya kaunti inagawanywa kwa hoja, na hoja yenye namba inakwenda mbele ya hoja yenye machozi. Sipendi iwe hivyo, ila ndivyo ilivyo. Mtaa usio na namba unabaki na machozi peke yake.

26/
NAMALIZIA. Mkutano ujao, awe ni nani jukwaani, wa upande wako au wa upande ule, ulizeni maswali matatu haya:

Moja. Hiyo asilimia uliyosema, mtaa wetu ni ngapi, na nani alikuja kuhesabu?

Mbili. Hesabu hizo ziko wapi ambapo mimi naweza kuzifungua leo, bila kukupigia simu?

Tatu. Asiye na mita amehesabiwa vipi?

Muulizeni yule mnayempenda kwanza. Kumwuliza mpinzani ni rahisi, hata mtoto anaweza. Siasa ya maji itabadilika siku mashabiki watakapomtaka mtu wao wenyewe aonyeshe mita.

27/
Fomu ya maswali manne ya mtaani nimeianza kwa Kiswahili. Anayejua Dholuo vizuri anisaidie kuitafsiri, maana kuna mama ambaye atajibu vizuri zaidi akiulizwa kwa lugha yake. Walio Homa Bay, Siaya, Busia na Migori, ziwa ni moja, karibuni. Aliyewahi kuandika ombi la habari kwa ofisi yoyote ya maji, atuambie kwenye majibu: ulijibiwa baada ya siku ngapi?